Neno 'The' na Kazi Zake: Maelezo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Miongoni mwa maneno yote ya Kiingereza, hakuna litumikalo mara nyingi kuliko 'the'. Ufunguapo kitabu chochote cha lugha hiyo, kiwe cha hadithi, cha sayansi au cha sheria, utalikuta neno hili karibu katika kila mstari, na pengine mara mbili katika mstari mmoja. Ajabu ni kwamba neno hili ambalo mwanafunzi hukutana nalo kila siku ndilo asilofundishwa. Mwalimu humfundisha 'cow' kwa picha ya ng'ombe, 'run' kwa kukimbia, na 'red' kwa kitambaa chekundu. Lakini 'the' halina picha, wala halitendeki, wala halina rangi. Mtoto akiuliza maana yake huambiwa, "Hilo halina maana, lisome tu." Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno hili lina maana, kwamba maana hiyo mtoto wetu anayo tayari katika Kiswahili chake, na kwamba mwalimu ajuaye mahali ilipo ataweza kumfikisha mtoto huko pasipo kumkaririsha kanuni nyingi.

Pengine mwalimu mwanafunzi atasema kwamba neno dogo namna hii halistahili kupotezewa wakati. Na aitazame hesabu ifuatayo, ambayo tumeitunga kwa kusudi hili: "Juma has five goats. He sells the goats and buys two cows. How many animals does he have now?" Jibu ni wawili. Lakini jibu hilo halitoki katika tarakimu peke yake. Linatoka katika 'the'. Neno hilo ndilo linalotuambia kwamba mbuzi waliouzwa ni wale wale watano waliotajwa, wote, asibaki hata mmoja. Liondoe, useme "He sells goats", na hesabu haifanyiki tena, maana sasa twajua tu kwamba Juma ni muuza mbuzi. Mtoto aliyezoezwa kulipita 'the' kama tundu katika ukurasa atajumlisha tano na mbili, aandike saba, na mwalimu atadhani kwamba mtoto hajui hesabu. Kumbe hesabu anaijua. Alichokosa ni neno moja lenye herufi tatu.

Katika Tanzania mtoto atokaye katika shule ya msingi ya serikali aliyofundishwa kwa Kiswahili huingia sekondari akakuta hesabu na sayansi zinafundishwa kwa Kiingereza. Huko maagizo yote ya maabara yamejengwa juu ya neno hili. "Put a stone in a glass of water. Take the stone out." Jiwe la pili ni lile lile la kwanza. Asiyelijua hilo anaweza kutafuta jiwe jingine.

Basi 'the' lina maana gani? Kwa maneno machache, 'the' halisemi jambo lolote juu ya kitu kinachotajwa. Halisemi kama ni kikubwa au kidogo, kiko karibu au mbali. Linasema jambo juu ya msikilizaji. Msemaji anapolitumia anamwambia mwenziwe: "Hiki ninachokitaja wewe unaweza kukijua ni kipi." Na anapotumia 'a' anamwambia: "Hiki bado hukijui, kipokee kama kigeni." Kwa hiyo neno hili ni mapatano kati ya watu wawili, na ndiyo sababu haliwezi kuchorwa ubaoni.

Mapatano hayo wasimulizi wetu wa hadithi wanayashika tangu zamani. Na tusikilize mtoto wa Darasa la Tatu akiwasimulia wenziwe: "Palikuwa na mvuvi mmoja aliyekaa karibu na mto. Siku moja alivua samaki mkubwa. Yule samaki akamwambia yule mvuvi, 'Usiniue.'" Hakuna aliyemfundisha mtoto huyu kusema 'mvuvi mmoja' mara ya kwanza na 'yule mvuvi' mara ya pili. Kama angeanza hadithi yake kwa kusema, "Yule mvuvi akaenda mtoni," wenziwe wangemkatiza mara moja: "Mvuvi yupi?" Sasa tuiweke hadithi hiyo katika Kiingereza: "There was a fisherman who lived near a river. One day he caught a big fish. The fish said to the fisherman, 'Do not kill me.'" Mvuvi anaingia kwa 'a' na kurudi kwa 'the', samaki vivyo hivyo. Kazi ni ile ile.

Wala kufanana huku si bahati tu. Neno 'an' la Kiingereza lilikuwa hapo kale neno lenyewe la namba, yaani 'moja'. Baadaye likapungua nguvu, na mbele ya konsonanti likakatwa likawa 'a'. (Ndiyo kusema kwamba 'an' ndilo la asili na 'a' ndilo lililofupishwa, kinyume cha tunavyozoea kufundisha.) Na 'the' limetokana na neno la kuonyeshea, ndugu wa 'that', ambalo maana yake ilikuwa kama 'yule' au 'ile'. Jambo hili halikuwapata Waingereza peke yao. Kilatini hakikuwa na neno la namna hii hata kidogo. Lakini watu waliosema Kilatini walizidi kulitumia neno lao la 'yule', hata likachakaa, na kutokana nalo Wafaransa wakapata 'le' na 'la' zao. Twayasema haya ili mwalimu asimwone mtoto wa Kiswahili kuwa ana upungufu fulani kwa kuwa lugha yake haina 'the'. Lugha nyingi kubwa hazina. Kirusi hakina mpaka leo.

Basi ni rahisi sasa mwalimu kudhani kwamba ameipata tafsiri, akaandika ubaoni kwamba 'the' maana yake ni 'yule' au 'ile'. Hapa ndipo tunapomwomba asimame. 'Yule' wa Kiswahili bado ana nguvu zake zote. Anaonyesha kwa kidole, anatenga, anakumbusha. 'The' limekwisha kuchakaa, halionyeshi tena, na kwa hiyo linafika mahali pengi ambapo 'yule' hawezi kufika. Mwingereza husema "The sun is hot." Sisi hatusemi 'lile jua ni kali' isipokuwa kama tunakumbuka jua la siku fulani, tunasema 'jua ni kali', basi, maana jua ni moja na kila mtu analijua. Vivyo hivyo mwalimu akimwambia mtoto "Close the door," darasa lenye mlango mmoja halimhitaji aseme 'ufunge ule mlango'. Atasema 'funga mlango', na mtoto hatauliza mlango upi.

Mahali ambapo watoto wetu huteleza zaidi ni pale kitu kinapojulikana kwa sababu ya kitu kingine kilichokwisha kutajwa. "We came to a house. The door was open." Mlango haukutajwa kabla, hata hivyo umepewa 'the' mara ya kwanza. Mtoto aliyefundishwa kanuni ya 'mara ya kwanza a, mara ya pili the' ataandika 'A door was open', na atashangaa akisahihishwa, maana ameitii kanuni. Kosa hapo ni la kanuni, si lake. Nyumba ikishatajwa, mlango wake, paa lake na mwenyewe wamekwisha kuja pamoja nayo. Ukisema ulikwenda harusini, hakuna haja ya kumtambulisha bibi harusi, msikilizaji anajua kwamba yumo: "I went to a wedding. The bride was very young." Katika Kiswahili tunasema tu 'bibi harusi alikuwa kijana sana', nasi tunaelewana. Kwa hiyo katika mifano ya namna hii Kiswahili hunyamaza na Kiingereza husema, lakini fikira ni moja: je, msikilizaji anaweza kujua ni kipi?

Swali hilo la 'kipi?' ndilo chombo tunachompa mwalimu mwanafunzi. Kila mtoto anaposita kati ya 'a' na 'the', asimtafutie kanuni, amwulize kwa Kiswahili: "Anayekusoma anaweza kujua ni kipi?" Akijibu ndiyo, na aseme 'the'. Akijibu hapana, na aseme 'a'. Swali hili linahudumia pia mahali ambapo maneno yanayofuata ndiyo yanayofafanua, kama katika "the book which I bought yesterday", yaani kitabu nilichokinunua jana; na katika "the tallest boy in the class", kwani aliye mrefu kuliko wote ni mmoja tu. 'The first', 'the last', 'the only' na 'the same' huingia kwa mlango huo huo. Lakini mwalimu ajihadhari asifundishe kwamba kila jina linalofuatwa na 'of' au 'which' hupata 'the'. "A cup of tea" ni kikombe chochote cha chai. "A man who sells fish" ni mtu ambaye hatujamjua bado, ila tumeambiwa kazi yake.

Iko njia nyingine ya Kiswahili inayokaribiana sana na 'the', nayo haionekani upesi kwa sababu imejificha ndani ya kitenzi. Linganisha sentensi hizi mbili: 'Nimeona kisu' na 'Nimekiona kisu.' Ya kwanza yaweza kusemwa na mtu aliyepita njiani akaona kisu chochote. Ya pili husemwa na mtu aliyekuwa akitafuta kisu ambacho yeye na mwenziwe wanakijua. Kile kiambishi '-ki-' cha mtendwa kimefanya kazi ambayo Mwingereza angeifanya kwa 'the': "I have seen a knife", "I have seen the knife". Ukiwapa watoto jozi kama hizo — 'amenunua baiskeli', 'ameinunua baiskeli'. 'Leta maji', 'yalete maji' — wataona tofauti wenyewe, na wengi wao watafurahi kugundua jambo walilokuwa wakilitenda bila ya kulijua.

Hata hivyo njia hii ina mpaka, na mwalimu asiyeujua ataumbuka mbele ya darasa. Kwa majina ya watu, na mara nyingi kwa ya wanyama, kiambishi cha mtendwa huwekwa hata kama anayetajwa hajulikani. Twasema 'nimemwona mtu mlangoni', wala si 'nimeona mtu', ingawa mtu huyo hatumjui hata kidogo. Basi mifano ya visu, vitabu, baiskeli na maji inafaa; mifano ya watu haifai. Pia wako watoto ambao lugha zao za nyumbani zinatumia viambishi hivyo kwa namna tofauti, na Kiswahili chao hufuata huko. Kama darasa haliioni tofauti ya 'nimeona kisu' na 'nimekiona kisu', mwalimu asishindane nalo. Arudi kwenye hadithi ya mvuvi.

Tumekwisha kugusa habari ya wingi katika hesabu ya mbuzi, nayo inafaa kurudiwa. 'The' mbele ya jina la wingi humaanisha wale wote wanaojulikana. Wingi mtupu, bila ya 'the', humaanisha jamii nzima au wowote wale. "Goats eat grass": mbuzi, popote walipo, hula majani. "The goats ate the grass": mbuzi hawa tunaowazungumzia wamekula majani ya mahali fulani, na huenda mwenye shamba anakuja. Majina ya vitu visivyohesabika huenda hivyo hivyo. "Water is necessary" ni habari ya maji yote ya duniani. "The water is dirty" ni maji ya mtungi huu. Na majina ya mambo yasiyoshikika, kama maisha, upendo au elimu, hayataki 'the' yakitajwa kwa jumla: "Life is hard." Hapa mtoto wa pwani aliyesoma chuoni anaweza kupotea kwa sababu nyingine kabisa. Kiarabu kina 'al-', ambalo kwa kazi nyingi ni ndugu wa 'the', lakini Kiarabu huliweka hata mbele ya maisha na elimu kwa jumla. (Kiswahili kimelimeza neno hilo la Kiarabu katika 'alfajiri', 'alasiri' na 'Alhamisi', wala hatulisikii tena.)

Kosa jingine tulionalo mara kwa mara katika madaftari ni 'the my book' na 'the this boy'. Mwalimu asilichukulie kuwa ni uzembe. Mtoto anayeandika hivyo ana 'kile kitabu changu' kichwani mwake, na katika Kiswahili maneno hayo matatu hukaa pamoja kwa amani. Kiingereza hakiruhusu. Mbele ya jina pana kiti kimoja tu, na anayekikalia ni mmoja: ama 'the', ama 'a', ama 'my', ama 'this'. Watoto huelewa upesi mfano huu wa kiti, na yafaa kuweka kiti chenyewe mbele ya darasa, kila neno likiandikwa kwenye kipande cha karatasi ngumu na kushikwa na mtoto mmoja. Wa pili akija kukaa, wa kwanza sharti aondoke. Vivyo hivyo 'yule Juma' husemwa vizuri katika Kiswahili, lakini 'the Juma' haisemwi, maana jina la mtu limekwisha kujibu swali la 'yupi?'.

Kwa kuwa tumefika kwenye majina, hatuna budi kukiri kwamba hapa Kiingereza hakina haki. Majina ya nchi kwa kawaida hayana 'the': Kenya, Uganda, Tanzania. Lakini jina likiundwa kwa neno la kawaida kama jamhuri, muungano au ufalme, 'the' huingia: "the United Republic of Tanzania", "the United Kingdom". Mito ina 'the': the Rufiji, the Tana, the Nile. Bahari pia: the Indian Ocean. Maziwa hayana: Lake Victoria, Lake Tanganyika. Mlima mmoja hauna: Mount Kilimanjaro, Mount Meru, lakini safu ya milima inayo: the Usambara Mountains. Kisiwa kimoja hakina, kama Pemba; visiwa vingi pamoja vinavyo, kama the Comoros. Ipo nchi ya Gambia, ambayo katika Kiingereza huitwa The Gambia, kwa jina la mto wake. Ukraine nayo iliitwa zamani 'the Ukraine'. Baada ya kupata uhuru wake mwaka 1991 watu wake hawakupenda tena kuitwa kama sehemu ya nchi ya wengine, na leo 'the' hiyo imeachwa. Neno hili dogo laweza basi kugusa hata heshima ya taifa.

Haya yote hayajibiwi na swali letu la 'kipi?'. Ni desturi, na desturi hujifunzwa kwa mazoea. Ushauri wetu ni kwamba mwalimu asiyaweke katika somo moja. Kila jina na lifundishwe pamoja na 'the' yake au pasipo nayo siku linapokutwa katika kitabu. Vivyo hivyo "in the morning" lakini "at night". "Go to bed", "at home". Penye 'school' ipo sababu ambayo watoto wanaweza kuelezwa: "He goes to school" ni mwanafunzi aendaye kusoma, "She went to the school" ni mama aliyekwenda pale shuleni, pengine kulipa mchango au kumtafuta mwanawe. Sisi husema 'shuleni' kwa yote mawili. Penye 'hospital' Waingereza hufuata njia hiyo hiyo, wakisema "in hospital" kwa mgonjwa aliyelazwa, hali Wamarekani husema "in the hospital" kwa mgonjwa na kwa mgeni pia. Mtoto akitumia lolote kati ya hayo asikatwe alama.

Iko pia 'the' ya namna ya "The more you read, the more you know", yaani kadiri usomavyo ndivyo ujuavyo. Hiyo ina historia yake pekee. Na ifundishwe kama fungu zima la maneno, katika madarasa ya juu.

Kuhusu matamshi, mtoto wa Kiswahili ana neema ambayo watoto wa lugha nyingi hawana. Sauti ya mwanzo ya 'the' ni 'dh' yetu ya 'dhahabu', 'dhaifu' na 'fedha'. Anayeitamka vizuri katika 'fedha' ataitamka vizuri katika 'the'. Na yule asemaye 'feza' na 'zahabu' atasema 'za', naye arekebishwe katika lugha zote mbili kwa pamoja. Tatizo ni maandishi, maana Waingereza huandika 'th' kwa sauti mbili: ile ya 'dhambi' na ile ya 'thelathini'. Mtoto anayejua kusoma Kiswahili huona 'th' akatamka kama katika 'methali'. Yafaa mwalimu aandike ubaoni, siku ya kwanza, 'dh' kwa chaki ya rangi chini ya 'the', kisha aifute ikishazoeleka. Mbele ya sauti ya konsonanti neno hutamkwa fupi, bila ya mkazo, karibu na 'dha' iliyonyauka. Mbele ya irabu hutamkwa 'dhi': 'the egg', 'the orange'. Kinachohesabiwa ni sauti, si herufi. 'The hour' ni 'dhi', kwa kuwa 'h' yake haisemwi. 'The university' ni 'dha', kwa kuwa neno hilo huanza kwa sauti ya 'y'. Walimu wengi hulitamka 'the' kwa nguvu kila mahali ili watoto walisikie. Nia ni njema, lakini mtoto aliyezoea 'the' yenye kishindo hataisikia ile nyepesi atakapomsikiliza mtu mwingine au redio.

Yabaki mambo ya darasani. Yako mazoezi ya zamani ambayo mwalimu hushika kitabu na kusema, "This is a book. This is the book," na watoto humwitikia kwa sauti. Zoezi hilo halifundishi kitu, kwa sababu kitabu ni kile kile, na hakuna mtu anayehitaji kujua ni kipi. Badala yake na achukue vitabu vitatu, kalamu moja na jiwe moja, aviweke mezani. Amwambie mtoto, "Give me a book." Mtoto aweza kuchukua chochote kati ya vile vitatu, na darasa likubali. Kisha, "Give me the pen." Hapo hakuna kuchagua. Kisha, na hapa ndipo zoezi linapoiva, aseme, "Give me the book." Mtoto mwerevu atasita na kuuliza kipi, na mwalimu amsifu kwa kusita kwake, maana amelielewa neno kuliko yule aliyekimbilia kitabu cha kwanza. Na aongeze: "the red book", "the book under the stone". Kwa kila nyongeza swali la 'kipi?' linajibika.

Katika somo la ufahamu, mwalimu awaagize watoto wafuate kila 'the' kwa kidole hadi waone inarudi wapi katika habari. 'The man' huyu ni mtu yupi? Ametajwa mstari wa ngapi? Na kama hakutajwa, tumemjuaje? Mistari sita inatosha kwa kipindi kizima. Kazi hii huonekana ya polepole, na mwalimu aliye mbioni kumaliza muhtasari ataiona inamchelewesha. Lakini mtoto aliyeizoea hatachanganya watu wawili wa hadithi moja, wala mbuzi wa Juma.

Katika kusahihisha insha mwalimu asimwage wino mwekundu kwa kila 'the' iliyokosekana. Ayatenganishe makosa. Pale ambapo kukosekana kwake kunamfanya msomaji asijue kama kisu ni kile kile au ni kingine, aandike pembeni neno 'kipi?' na kumrudishia mtoto aandike upya. Pale ambapo maana haikuharibika, kama katika 'in morning' au 'Indian Ocean' pasipo 'the', aiandike juu ya mstari kwa kalamu ya risasi na kuendelea. Majina ya mito na ya milima yangoje madarasa ya juu, siku ambayo ramani itakuwa imetundikwa ukutani na mtoto ataweza kuyasoma majina hayo mahali yalipo.